Kurusha vipepeo harusini: Pambo au israfu?

 

Harusi zetu za hapa mjini zina tabia ya kupokea wageni wasioalikwa. Ilikuja keki ya ghorofa tatu, ukaja moshi mweupe wa kutandazwa sakafuni maharusi wanapoingia, zikaja fataki za ukumbini. Sasa hapa Buguruni amekuja kipepeo. Si wa karatasi, ni yule halisi, mwenye roho.

Vijana wa kamati ya harusi moja ya upande wa Malapa walinifuata baada ya swala ya Isha. Bwana harusi nimemsomesha, kwa hiyo waliona nitakuwa mwepesi kwao. Mpango wao ni kwamba maharusi wakitokeza, wageni 100 wafungue kila mmoja kibahasha chake, na katika kila kibahasha aruke kipepeo. Wameona katika simu, ndivyo wanavyofanya Marekani. Mjumbe mmoja keshazungumza na mfugaji wa Muheza. Kwangu walitaka neno moja tu: "Ustadhi, ni haramu au si haramu?"

Swali la namna hii tunalipenda mno sisi Waislamu wa mjini. Tukiambiwa si haramu, basi tunahesabu kuwa mambo yote yaliyobaki nyuma yake nayo yamekwisha kujibiwa. Nilikataa kulijibu kwa neno moja, na kwa kuwa najua kamati nyingine zitafuata, nimeona niliandike hapa.

Kwanza tuwape wafugaji haki yao. Ufugaji wa vipepeo si mchezo wa kitoto, ni kazi ya halali yenye historia katika pwani yetu. Wenzetu wa Kenya walianza mwaka 1993 pale Gede, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, katika mradi uitwao Kipepeo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakafuata wanavijiji wa Usambara ya Mashariki, jirani na hifadhi ya Amani wilayani Muheza. Pale Pete, Unguja, karibu na msitu wa Jozani, kuna kituo cha vipepeo tangu mwaka 2008. Mfugaji hujenga kibanda cha neti, akapanda ndani yake miti ambayo kipepeo anaitagia, akakusanya mayai, akawalisha viwavi majani mpaka wageuke pupa. Pupa ndiye anayeuzwa. Hufungwa katika pamba na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho, akaanguliwa huko. Manufaa yake ni kwamba mwanakijiji anayepata riziki kutokana na majani ya mti hana haraka ya kuukata. Mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje, wafugaji wa Amani nao waliingia katika katazo hilo na soko lao likakatika. Basi mfugaji akipigiwa simu kutoka Dar es Salaam kwamba kuna harusi inataka vipepeo 100, simlaumu akifurahi.

Je, biashara yenyewe inasihi? Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachojulikana katika darsa zetu za Kishafi, anasema kuuza wadudu hakusihi, kwa kuwa kitu kinachouzwa sharti kiwe na manufaa. Lakini wanachuoni walioisherehesha wamefafanua kuwa mwenye manufaa hayumo katika katazo hilo: nyuki kwa asali yake, nondo wa hariri kwa uzi wake, ruba kwa kufyonza damu ya mgonjwa. Tena wamemtaja tausi, kwamba anauzika kwa kuwa watu wanaburudika kwa rangi zake. Hapo kijana mmoja akanikatiza: "Basi Ustadhi, kipepeo si ndiye tausi mdogo?" Nikamwambia amefahamu vizuri, ila asikimbilie kiatu.

Tausi ukimnunua unamlisha, unamwekea maji, unamtazama mwaka na mwaka. Ruhusa ya kumfuga imekuja pamoja na wajibu wa kumtunza. Sote tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, ambayo wameipokea Bukhari na Muslim. Wengi tunaisimulia kwa kifupi, kwamba alimfungia paka akafa na njaa. Ukiisoma yote utakuta Mtume (s.a.w.) ametaja makosa mawili: hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie mwenyewe katika wadudu wa ardhi. Angalieni vizuri hilo la pili. Kuachia kunakotajwa hapo ni kumrudisha kiumbe kwenye riziki yake, si kumfungulia mlango tu.

Sasa kipepeo wa msitu wa Amani akifunguliwa Buguruni, ataipata wapi riziki? Allah (s.w.) amemuumba kila kipepeo na miti yake maalumu. Kiwavi wa aina fulani hula majani ya miti michache tu, na mama yake hatagi penginepo. Zile pembe za Uhuru na Mandela, baina ya malori, mabanda ya sokoni na moshi wa mishikaki, mti wa Usambara hatauona. Wapo vipepeo wanaoishi nasi mjini humu. Yule mweusi mwenye madoa ya njano hutaga kwenye mlimao na mchungwa, na mwenye mlimao uani kwake bila shaka amewaona viwavi wake, wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, na ukiwagusa wanachomoza vipembe vyenye harufu kali. Huyo anajua anaishi wapi. Wa kununuliwa Muheza hapa ni mkimbizi, na umri wa kipepeo aliyekwisha ota mbawa, kwa aina nyingi, ni wiki mbili hadi nne tu.

Kisha tutazame hizo bahasha. Kipepeo hatulii ndani ya karatasi kwa hiari yake. Anapozwa kwa barafu mpaka mwili unazizima, mbawa zinakunjwa, anatiwa ndani. Anasafirishwa hivyo, na akipata joto anazinduka. Huko Marekani kwenyewe wataalamu wa vipepeo wamekuwa wakiipinga biashara hii kwa miaka, kwa kuwa wanaofugwa kwa wingi huweza kuwapelekea magonjwa wale wa porini. Asiyezinduka kwa wakati huanguka miguuni mwa wageni. Mimi naiona picha hiyo: bibi harusi anashuka na shela lake, watoto wanagombania vibahasha, na viatu vya watu 300 vinapita juu ya viumbe vilivyoganda.

Na kuna jambo ambalo kamati haikulifikiria kabisa, nikalazimika kucheka kidogo. Sherehe yao ni saa mbili usiku, ukumbini. Kipepeo ni kiumbe wa jua! Usiku hutafuta jani akalala. Kule ukumbini atakutana na taa kali, spika, na mapanga ya feni yanayozunguka juu ya vichwa. Nikawauliza, mmepanga nani afagie?

Mjumbe mmoja, binti msomi, alinijibu kwa adabu kwamba vipepeo ni ishara, kwamba mapenzi yanaachiwa huru. Mimi simzuii mtu kufurahi, na Mtume (s.a.w.) ameamrisha ndoa itangazwe na ameruhusu dufu lipigwe. Lakini umemgandisha kiumbe kwa barafu, umemfunga katika karatasi siku nzima, kisha unapiga vigelegele kwamba umempa uhuru. Uhuru gani huo? Ni wewe uliyemfunga.

Waliuliza pia kama aya ya Suratul Qaria inayowafananisha watu wa Siku ya Kiyama na farashi waliotawanyika ni katazo. Hapana, tusiibebeshe aya isichokibeba. Farashi ni neno la Kiarabu linalochukua nondo na vipepeo, na aya inaeleza fazaa ya siku ile. Haizungumzii harusi.

Tumalizie kwa pesa, maana hapo ndipo mimi nilipokasirika. Bei waliyotajiwa, pamoja na barafu na nauli ya mtu wa kuwasindikiza kwenye basi, inazidi mahari aliyoandikiwa bibi harusi. Nilipouliza zitatoka wapi, nikaambiwa kiwango cha mchango kitapandishwa. Kwa nani? Kwa watu walewale. Yupo mama mmoja mtaani kwetu, muuza mihogo ya kukaanga, kadi ya kwanza aliilipa kwa kukopa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. Aliniambia, "Mwalimu, mwanangu, nisipochanga hii, siku ya binti yangu nani atanichangia?" Huyo mama anachanga kwa hofu, na mkisharusha vipepeo yeye bado atakuwa anarejesha mkopo wiki baada ya wiki. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipooa aliambiwa na Mtume (s.a.w.) afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, na alikuwa mtu wa biashara, mwenye uwezo. Na imesihi kwamba chakula kibaya kabisa ni cha walima wanaoitiwa matajiri wakaachwa masikini. Sisi tumezidisha: masikini tunamwita, ila tunamtoza kwanza.

Kwa hiyo jibu langu kwao lilikuwa hili. Kununua vipepeo kwa mfugaji kunasihi. Kuwarusha Buguruni kwa mpango huu ni kuangamiza kiumbe bila haja na ni israfu, na kupandisha mchango kwa ajili hiyo ni dhulma. Atakayetaka watoto wa familia wafurahi, awapeleke Pete wakaone vipepeo wakiwa hai kwenye majani yao.

Limebaki la arbuni. Mjumbe wao alikwisha tuma arbuni Muheza, na yule bwana keshaanza kulisha viwavi kwa hesabu ya oda hiyo. Vijana walitaka kumpigia simu waseme basi, wadai warudishiwe. Nimewaambia wasifanye hivyo. Wapatane naye kwa wema, wamlipe kazi aliyokwisha ifanya, na hao watakaoanguliwa wafunguliwe kulekule mlimani, asubuhi, jua likishapanda.

Wallahu a'lam.