Siri Isiyozikwa na Mwenyewe



Kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, watu wakishatawanyika baada ya sala ya jumuiya: "Nina mtoto ambaye mke wangu hamjui. Nilikwisha tubu kwa padre. Je, ni lazima nimwambie, au nife na siri yangu?"

Tuanze na kifo, kwa maana hapo ndipo siri nyingi hufichuka. Sisi wa Tassia tunajua kwamba kifo hakipigi hodi. Tarehe 6 Desemba 2019 jengo la orofa sita liliporomoka hapa mtaani, na waliokufa hawakupewa nafasi ya kutengeneza mambo ya nyumbani.

Fikirini basi mke aliyefiwa. Mikutano ya matanga inaendelea, wasifu wa marehemu umekwisha andikwa, watoto watatu wametajwa. Siku mbili kabla ya safari ya kwenda kuzika mashambani, anaingia mama mgeni na kijana aliyefanana na marehemu kama shilingi kwa ya pili. Sasa mjane ana misiba miwili. Anamlilia mume aliyekufa, na anamlilia yule mume aliyedhani anamjua. Ana maswali, lakini wa kuyajibu yumo jenezani. Hasira inamzuia kulia. Aibu inamzuia kusema.

Someni kitabu cha Mwanzo, sura ya 37. Wana wa Yakobo walimletea baba yao kanzu yenye damu, naye akamlilia Yosefu kama aliyekufa. Walisimama kumfariji, na huku dawa ya machozi yake wanayo wao wenyewe. Ndivyo siri inavyofanya: humnyima mtu hata haki ya kuomboleza katika ukweli.

Wengine watasema, "Nikisema, nitavunja nyumba." Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Tena si kila jambo la zamani ni la kumwagwa mezani. Kosa lililokwisha, lililoungamwa, lisilomdai mtu yeyote haki yake, litafutie kwanza ushauri wa padre. Pengine unataka tu kuutua mzigo wako kwenye mgongo wa mwenzako. Lakini siri yenye mtu ndani yake ni nyingine. Mtoto si dhambi. Ana tumbo, ana karo ya shule, ana jina. Padre hukuondolea dhambi, deni hakulipii.

Hata sheria ya Kenya haimfichi. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Urithi inamhesabu kuwa mtoto yule ambaye baba alimkubali kuwa wake, au aliyejitwika kwa hiari jukumu la kudumu la kumlea. Mambo ya urithi yakifika kwa chifu, naye akaandika barua ya kuorodhesha warithi, jina lake litadaiwa. Mficha maradhi kilio humfichua.

Basi, ndugu, sema ungali hai. Usiseme katikati ya ugomvi, wala usingoje kitanda cha hospitali. Waombe wasimamizi wenu wa ndoa au padre wawe karibu. Sema yote kwa mara moja, si leo robo na kesho nusu. Mwenzako akikasirika, usimdai msamaha papo hapo, mpe muda.

Nawe mama uliyekwisha fiwa ukagundua, hasira yako si dhambi. Hakuna anayekulazimisha kusamehe siku ya mazishi. Anza na lililo ndani ya uwezo wako: usimwadhibu kijana kwa kosa la baba yake. Mwache atie udongo kaburini, na jina lake lisifichwe kwa chifu. Msamaha kwa marehemu utakuja polepole, pengine baada ya miaka.

Leo usiku, watoto wakishalala, zimeni redio mkaulizane swali hili moja: "Nikifa kesho, ni nani atakayekuja kunililia ambaye wewe humjui?" Kama yupo, mtajeni ninyi wenyewe kabla kifo hakijamtaja.