Siku Zenye Wenyewe

Mwezi wa Oktoba una siku 31, na ni chache miongoni mwake zisizo na wenyewe. Tarehe 1 ni ya wazee, waliyopewa na Umoja wa Mataifa kwa azimio la mwaka 1990. Tarehe 2, aliyozaliwa Gandhi mwaka 1869, ni ya kuepukana na jeuri. Tarehe 5 ni ya walimu, tarehe 9 ya posta, tarehe 10 ya afya ya akili, tarehe 11 ya mtoto wa kike. Tanzania humkumbuka Mwalimu Nyerere tarehe 14, siku aliyofariki mjini London mwaka 1999. Kenya huwakumbuka mashujaa wake tarehe 20, kwa sababu ya tarehe hiyo ya mwaka 1952 ilipotangazwa hali ya hatari. Tarehe 15 ina wapangaji watatu: mwanamke wa kijijini, fimbo nyeupe ya kipofu, na kunawa mikono kwa sabuni. Tarehe 16 ni ya chakula, na tarehe 17 ni ya kuondoa umaskini, kana kwamba njaa na ufukara ni wageni wasiojuana, mmoja afike leo na mwingine aje kesho, hali kila mtu ajua kuwa hulala kitanda kimoja. Tarehe 24 Umoja wa Mataifa hujikumbuka wenyewe.

Katika orodha hii mna siku za namna mbili, na ni kosa kuzichanganya. Siku ya Mwalimu Nyerere na siku ya mashujaa ni za mambo yaliyokwisha kutendeka. Wengi wa wenyewe wamekwenda zao, na walio hai hudaiwa kumbukumbu. Siku ya wazee, ya walimu, ya wagonjwa wa akili na ya maskini ni za mambo ambayo hayajatendeka bado. Wenyewe wapo, wana macho ya kuitazama sherehe yao, na jioni hurudi makwao. Kwa hizi za pili ndipo swali linapozuka: mtu aliyetengewa siku amepewa haki yake, au ameambiwa angoje?

Wazitungao siku hizi wana hoja yao, nayo si dhaifu. Husema kuwa ulimwengu una shughuli nyingi, na jambo lisilo na siku husahauliwa. Huziita siku za uhamasishaji, na katika neno hilo mna falsafa nzima ingawa aghalabu haisemwi. Kumhamasisha mtu ni kumzindua, na azinduliwaye ni yule aliyekuwa amelala. Basi siku hizi zimejengwa juu ya dhana kwamba wanadamu hukosa kwa kutojua, na kwamba wakijua watatenda vema. Dhana hii ni kongwe. Socrates, kama anavyosimuliwa na Plato, alishikilia kuwa hapana mtu atendaye uovu hali akijua kwa yakini kuwa ni uovu. Kila kosa kwake lilikuwa ujinga uliovaa nguo mpya. Kamati zinazochagua rangi za fulana na maneno ya mabango hazimtaji Socrates, lakini ni wanafunzi wake watiifu.

Kuna mahali ambapo Socrates ana haki. Dereva asiyeijua maana ya fimbo nyeupe aweza kumpigia honi kipofu aliye katikati ya barabara na kumdhania mlevi. Marekani ilipoitengea fimbo hiyo tarehe 15 Oktoba, kwa tangazo la Rais Lyndon Johnson mwaka 1964, ilikuwa na jambo la kufundisha ambalo wengi hawakulijua. Dereva akifundishwa mara moja amefundishika. Kesho yake huiona fimbo akapunguza mwendo. Kadhalika mikono: uchafu uletao kuhara hauonekani kwa macho, na mtoto hazaliwi akiujua. Mambo haya yalipungukiwa na habari, na siku ikayaletea habari. Hapo hapana la kulaumu.

Lakini ni nani asiyejua kuwa mzee asiye na pensheni wala mtoto wa kumtazama hulala na njaa? Ni nani asiyejua kuwa mwalimu mwenye watoto mia darasani hawezi kumsikiliza hata mmoja? Habari hizi hazikufichwa. Ajuaye zaidi ya wote ni yule aketiye katika kiti cha mbele siku ya sherehe, maana amepata barua, taarifa na hesabu za kila mwaka. Huyu hahitaji kuzinduliwa. Yu macho, naye hatendi.

Aristotle aliliona pengo hili. Katika kitabu cha saba cha maadili yake, kile kilichobeba jina la Nicomachus, alimpinga Socrates na kusema kuwa wako watu wajuao jema, wakalisema vizuri kwa ulimi, na bado wasilitende. Mtu wa namna hiyo alimfananisha na mji unaopitisha maazimio yote yapasayo, wenye sheria njema, ila hauitumii hata moja. Aristotle hakuyajua maazimio ya Umoja wa Mataifa, lakini mji huo wa mfano umekua tangu zama zake, na sasa una kalenda.

Tarehe 10 Oktoba yatosha kuwa ushahidi. Siku ya Afya ya Akili Duniani ilianza mwaka 1992. Kwa zaidi ya miaka 30 ilikuja na kwenda, na kila mara watu walihimizwa wamwonee huruma aliyeelemewa moyoni, wamsikilize, wasimtenge. Kwa muda wote huo kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kushtakiwa. Mtu huyo mmoja alikuwa mgonjwa katika hotuba na mshtakiwa katika daftari la polisi. Hali hiyo iliendelea hata Januari mwaka 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Yamkini hotuba za miaka hiyo zililainisha nyoyo, na asiye mkaidi atakubali kuwa hakimu naye huishi miongoni mwa watu na husikia wanayoyasema. Hata hivyo kilichoifuta hatia hiyo ni shauri lililopelekwa mbele ya mahakama, mahali ambapo aulizwaye hulazimika kujibu. Uwanja wa sherehe haumlazimishi mtu kujibu.

Jambo dogo la kando lafaa kutajwa, kwa kuwa ni la tarehe hiyo hiyo. Nchini Kenya tarehe 10 Oktoba ni sikukuu pia. Ilikuwa ya Rais Moi, baadaye ikapitia majina ya Huduma na Utamaduni, na tangu mwaka 2024 ni ya Mazingira. Siku iliyotolewa kwa jina huchukuliwa kwa jina, na mwenyewe wa jana hana hati ya kuonyesha.

Kuna madhara makubwa kuliko kutotenda, nayo ni kugeuza deni kuwa zawadi. Atazamwe mzee katika tarehe yake. Ameletwa asubuhi, ameketishwa chini ya turubai, amengoja mgeni rasmi hata jua likawa kali. Husomwa risala. Risala imeandikwa kwa niaba yake, na kitenzi chake kikuu ni kuomba: wazee wanaomba matibabu, wazee wanaomba dirisha lao hospitalini. Mgeni rasmi hujibu kuwa maombi yamepokewa na yatafanyiwa kazi. Wazee hupiga makofi. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, ilikwisha kuyataja matibabu ya bure kwa wazee wasiojiweza. Basi aliyesimama kuomba ndiye mdai, na aliyeketi kupokea maombi ndiye mdaiwa; mdai akapiga makofi, na mdaiwa akashukuriwa kwa kuhudhuria. Pwani yote yajua jinsi mfanyabiashara angemtazama mtu aliyemkopa magunia matatu ya mchele, kisha kila mwaka akamwalika karamuni ili amsifu kwa uvumilivu wake.

Sherehe ya namna hiyo hufanya kazi ya stakabadhi. Mdaiwa hutoka uwanjani akiwa mwepesi, akidhani amelipa kitu. Kwa hakika ametoa kitu: saa tatu za wakati wake na maneno mazuri. Ndiyo maana mwaka mzima uliobaki huwa mtulivu moyoni mwake. Siku iliyokusudiwa kuzuia usahaulifu imempa ruhusa ya kusahau kwa siku 364.

Je, kosa ni la siku zenyewe? Hapana, na hili hudhihirishwa na siku moja ambayo Waswahili wengi wanaijua vizuri, ingawa haikai mahali pamoja katika kalenda ya Kizungu. Mwezi wa Ramadhani ukiisha, kila Mwislamu mwenye uwezo hudaiwa zaka ya fitri. Zaka hii ina mambo matatu ambayo siku za Oktoba hazina. Ina kipimo: pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu cha mji, kwa kila kichwa cha nyumba, hata mtoto mchanga. Ina mpokeaji: maskini na wahitaji wanaojulikana mtaani kwa sura. Tena ina mwisho: itolewe kabla ya sala ya Idi. Atoaye baada ya sala amechelewa, na alichotoa huhesabiwa sadaka kama sadaka nyingine. Hapana risala, hapana mgeni rasmi. Mtoto hutumwa na kapu mlango wa jirani, naye hurudi na kapu tupu.

Aliyeiweka desturi hiyo hakudhani kuwa watu hawajui njaa; ndiyo kwanza wametoka kufunga siku 29 au 30, na njaa wameijua kwa matumbo yao. Ilijulikana kuwa mtu aweza kuijua njaa asubuhi na kuisahau kwenye sahani ya jioni. Kwa hiyo ujuzi ukafungiwa kipimo na saa. Hapa siku ni mwisho wa muda wa deni, na ikipita bila kulipwa mtu hujua kuwa hakulipa.

Mambo ya serikali nayo yaweza kwenda hivyo. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi wa Aprili mwaka 2016, ikaanza na shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Fedha hizo hazikuwa nyingi, na aliyezipokea hakutajirika. Lakini zilikuwa na kiasi, na zilikuwa na mwezi. Mzee ambaye mwezi wake umepita bila malipo aweza kusema neno ambalo risala haimruhusu kulisema: sijalipwa.

Walimu nao wana hati yao, ingawa wachache huisoma. Tarehe 5 Oktoba haikuokotwa ovyo. Ni tarehe ambayo mwaka 1966, mjini Paris, lilipitishwa Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, lenye aya 146. Ndani yake mna habari za mishahara ilinganayo na uzito wa kazi, za ukubwa wa darasa, za likizo, za nyumba za walimu wa mashambani. Siku yenyewe ilianza kuadhimishwa mwaka 1994. Laiti kila tarehe 5 aya kumi tu zingesomwa kwa sauti, na baada ya kila aya akaulizwa mhusika kama imetimizwa au haikutimizwa, sherehe ingekuwa fupi na watu wangeikumbuka.

Atokee mtu aseme kuwa hoja hii ni ya mchuuzi. Mwalimu hataki mshahara peke yake. Mzee hataki vibaba peke yake. Binadamu hutaka kuonekana, na heshima haipimwi kwa pishi. Ikiwa kila siku ya kuwakumbuka watu itageuzwa kuwa siku ya kudai, upendo utakuwa kodi. Pingamizi hili ni zito, na hapana jibu la kulimaliza. Ni kweli kuwa mzee aliyepewa fedha dirishani na karani asiyemtazama usoni amelipwa na hakuheshimiwa.

Lakini yafaa kuuliza heshima hukaa wapi. Tarehe 17 Oktoba mwaka 1987 padre Joseph Wresinski, aliyekulia katika ufukara nchini Ufaransa, alikusanya watu wapatao 100,000 katika uwanja wa Trocadéro mjini Paris, na jiwe likazinduliwa pale lenye maandishi yatamkayo kuwa ufukara ni kuvunjwa kwa haki za binadamu. Waliokuwa mafukara hawakuketishwa kando wasikilize habari zao. Walikuwa miongoni mwa walioita na walioitwa. Umoja wa Mataifa uliikubali siku hiyo baada ya miaka mitano. Tofauti yake na sherehe ya turubai haikuwa katika ukubwa wa mkutano. Ilikuwa katika nani alisimama kusema, na kwamba alichosema hakikuwa ombi.

Katika fitri pia mna jambo hili, ingawa ni rahisi kulipita bila kuliona. Kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi pwani, awajibikaye kutoa si tajiri peke yake. Ni kila aliye na ziada ya chakula chake na cha watu wake kwa usiku na mchana wa Idi. Mjane aliyepokea mapishi manne ya mchele kwa majirani hupima chakula cha nyumba yake. Kikizidi, naye hujaza pishi lake, akamwita mtoto, akamtuma mlango wa pili kabla watu hawajaenda kusali.