Kanuni Isiyo na Mlinzi

Mwaka jana, katika chuo kimoja hapa Rubavu, nilisema uongo mbele ya jaji kwa neno moja tu: "Ndiyo." Tangu siku hiyo nimebaki na swali. Je, kuvunja kanuni ambayo hakuna anayeilinda ni kosa, ikiwa hakuna anayeonekana kuumia?

Shindano lenyewe lilikuwa hakathoni. Wanafunzi hukaa kwa vikundi, wanapewa saa 30, na kila kikundi kinaunda programu ya kutatua shida moja ya watu. Kanuni zilibandikwa mlangoni: heshimu wenzako, usiguse kompyuta isiyo yako, kazi ianze baada ya kengele, chochote kilichotoka nje ya ukumbi kitajwe. Sote tulitia saini.

Sisi wanne tulichagua shida ya akina mama wanaovuka mpaka pale Petite Barrière kupeleka mboga Goma. Wananunua kwa faranga za Rwanda, wanauza kwa faranga za Kongo au dola, na jioni si rahisi kujua nani amepata faida na nani amekula mtaji wake. Programu yetu ingewafanyia hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi, hata kwenye simu ndogo isiyo na intaneti.

Saa nane usiku hesabu ya sarafu tatu ilikuwa bado inatushinda. Ndipo mwenzetu mmoja akachomeka flashi. Sehemu ile yote ilikuwamo. Alikuwa ameiandika wakati wa likizo. "Ni kazi ya mikono yangu," alisema. "Nimemwibia nani?" Tukainakili. Asubuhi jaji akauliza, "Hii mmeiandika hapa?" Mimi ndiye niliyekuwa nikieleza kazi yetu. Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Tukashika nafasi ya pili, na zawadi zilikuwa mbili tu.

Hoja ya mwenzangu si nyepesi. Katika fani yetu hakuna anayeanza na mikono mitupu. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, Wakenya na wenzao waliunda Ushahidi, programu iliyokusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Msimbo wake uliachwa wazi, na mwaka 2010 ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Hakuna aliyeuita wizi. Hata neno hakathoni, lilipotumiwa na watengenezaji wa OpenBSD waliokutana Calgary, Kanada, mwaka 1999, halikuhusu zawadi. Watu walikaa pamoja na kuandika kazi ambayo kila mtu angeweza kuitumia.

Lakini mifano hiyo inanihukumu kuliko inavyonitetea. Waliochukua msimbo wa Ushahidi walijulikana wameuchukua wapi. Kanuni ya mlangoni nayo haikutukataza kukopa, ilitutaka tutaje. Tungetaja, labda tungepunguziwa alama. Hatukutaja, na hapo ndipo kosa lilipoanza.

Hoja ya pili ni ya zamani zaidi. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri kuna kisa cha Gyges, mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Swali linaloulizwa pale ni hili: mtu asiyeweza kuonekana ana sababu gani ya kutenda haki? Flashi ile ilikuwa pete yetu. Kwa siku mbili nilijiambia kwamba hakuna aliyeumia.

Siku ya tatu binti wa mwaka wa kwanza alinifuata maktabani. Kikundi chake kilikuwa kimeshika nafasi ya tatu. "Kaka," aliniambia, "mlifanyaje ile hesabu ya sarafu tatu? Sisi tulikesha nayo ikatushinda. Nafikiria kubadilisha kozi. Labda kazi hii si yangu."

Hakutaja zawadi. Alikuwa amejipima kwa kazi yetu, akajiona mwepesi. Kumbe mizani yenyewe tulikuwa tumeichezea. Muuzaji anayechezea mizani haibi mchele peke yake. Anamfanya mnunuzi arudi nyumbani akiamini kilo ni kitu kingine. Sisi tulimfanya binti yule aamini kwamba kazi ya wiki kadhaa inaweza kufanywa usiku mmoja na watu wa kawaida, kwa hiyo yeye ni chini ya kawaida.

Ndiyo maana naamini kanuni ya shindano, hata kama ingeweza kuandikwa vingine, si jambo dogo. Saa 30 zingeweza kuwa 20 au 40. Lakini tukishatia saini, namba hiyo inakuwa ahadi kati yetu. Hapa Rwanda tunalijua neno imihigo: mtu anatamka mbele ya watu atakachokifanya, na watu wanampima kwa alichokitamka. Aliyeumizwa na ahadi iliyovunjwa kwa siri huenda asijue kabisa kwamba ameumizwa. Hilo halipunguzi jeraha. Linamnyima hata nafasi ya kulalamika.

Nilimweleza binti yule ukweli palepale. Kisha niliwaambia wenzangu kwamba naenda kwa waandaaji. Wawili walikubali. Mwenye flashi alisema nimemuuza, kwa sababu fungu lake lilikuwa limeshalipa chumba anachopanga. Nilichangia kurudisha sehemu yake, na bado hatusalimiani kama zamani. Simlaumu. Flashi ilikuwa yake, lakini "ndiyo" ilikuwa yangu.

Nikiombwa siku moja kuandika kanuni za hakathoni, nitaongeza moja: kabla ya kuonyesha kazi, kila kikundi kisimame na kusoma kwa sauti walichokikopa, walichokuja nacho, na walichokijenga usiku ule. Haitamzuia anayetaka kudanganya. Lakini wa mwaka wa kwanza walioketi nyuma watajua kilo ni kiasi gani.