Nani Amchagulie Ndama Malisho?

Mwezi wa Aprili mwaka jana ng'ombe wa shangazi yangu, anayeishi Kyanja, kaskazini mwa Kampala, alizaa ndama jike. Ng'ombe huyo ni chotara wa Friesian, na maziwa yake hulipa sehemu ya karo yangu hapa chuoni. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba mimi si shahidi asiye na maslahi: kila lita aliyonyonya ndama ilikuwa lita isiyouzwa.

Ndama alipofikisha miezi mitatu na kuanza kula majani vizuri, ilibidi tuamue atakaa wapi. Tungeweza kumfunga kamba kando ya barabara, karibu na kinamasi, kama wafanyavyo majirani. Tungeweza kumpeleka kwa babu Kiruhura, kwenye nyanda za ng'ombe wa Ankole. Au tumweke bandani uani, tumletee matete na maganda ya matoke.

Njia ya kwanza niliikataa kwa sababu ninayoionea aibu. Miaka miwili kabla ya hapo nilimfunga ndama mwingine mahali hapohapo asubuhi, nikaenda darasani, nikamsahau hadi jioni. Alikula alichokifikia, na alichokifikia kilikuwa kaveera, mifuko ya plastiki inayotupwa kila mahali mjini. Alidhoofika kwa wiki kadhaa, akafa. Alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na fundo la plastiki. Tangu siku hiyo siiamini kamba. Mpita njia humwona mnyama yuko nje, kwenye majani na jua, akadhani ni huru, kumbe amepewa duara la mita chache achague yaliyomo humo tu.

Kwa hiyo niliitetea Kiruhura. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kozi ya maadili, na hoja zilinijaa mdomoni. Kila kiumbe, nilisema, kina maisha yanayolingana na umbile lake, na ng'ombe ameumbwa atembee, achague jani lake, alale karibu na wenzake. Banda hata likiwa safi ni jela yenye chakula. Shangazi alinisikiliza huku akikamua, kisha akauliza, "Na kupe je, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Ndigana kali huenezwa na kupe, na ng'ombe wetu wa asili wanaustahimili ugonjwa huo kuliko machotara. Babu huogesha ng'ombe wake kwa dawa, lakini ndama wetu angehitaji jicho la karibu kila siku, na babu ni mzee. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa namchagulia ndama malisho ninayoyakumbuka mimi. Aliyezaliwa Kiruhura na kuitamani ni mimi, siye yeye.

Kant alifundisha kwamba ukatili kwa wanyama ni mbaya kwa kuwa hutuzoesha kuwa wakatili kwa watu. Naona hoja hiyo haitoshi. Ndama aliyesimama kwenye matope usiku wa mvua anaumia hata kama mimi nitabaki mpole kwa majirani zangu maisha yangu yote. Kamati ya Brambell ya Uingereza ilikaribia zaidi mwaka 1965 iliposema kwamba mnyama wa kufugwa aweze angalau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Hata hivyo, hicho ni kipimo cha banda, nami nilikuwa natafuta kipimo cha mfugaji.

Nakiona kwenye miguu. Miguu ya ng'ombe humpeleka kwenye majani, kwenye maji, kivulini, mahali pakavu. Ukimfungia, kazi hizo hazikomi, zinahamia kwako. Anayemfungia mnyama kisha akaendelea kulala amemnyang'anya miguu na kazi yake ameiacha chini. Mwenzangu mmoja darasani alipinga: mtoto naye hufungiwa ndani kwa usalama wake, na hakuna anayelalamika. Ni kweli, lakini mtoto hukua na siku moja hudai ufunguo. Ndama hatadai kamwe, kwa hiyo deni letu kwake halina siku ya kuisha.

Tulimjengea banda lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, upande wa mvua umezibwa na upande wa pili umeachwa wazi apate hewa. Shangazi aling'oa migomba sita, iliyokuwa bado inazaa, ili ndama apate kiwanja cha kukimbia. Mimi nilipewa kazi ya matete, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mihadhara.

Wiki ya mitihani nilikosa mara mbili. Siku ya pili shangazi hakunigombeza. Nilipoamka alikuwa ameshakata mwenyewe, na mundu ulikuwa umeegemezwa mlangoni pa chumba changu, ungali na umande.