STELINGI HAFI?

Usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho; ni fupi kuliko picha moja ya ngumi.

Sheria ya banda la video unaijua. Lushoto mjini wanaijua, Mlalo wanaijua, na sisi wa huku Mtae tunaijua: STELINGI HAFI. Atapigwa, atatoka damu, atatupwa kutoka ghorofani, lakini wewe hubabaiki. Unajua atainuka tu. Mwisho wa picha adui yuko chini, stelingi anaondoka zake. Kesho yake migomba ya watu inakiona cha moto kwa mateke yako!

Hebu nikuulize: JE, NI KWELI STELINGI HAFI?

HATA JENEZA LILIUZWA

Bruce Lee unamjua, hata kama umezaliwa juzi. Mwaka 1972 alianza kutengeneza picha iitwayo Game of Death, yaani Mchezo wa Mauti. Hakuimaliza. Tarehe 20 Julai 1973, huko Hong Kong, alijilaza kwa sababu kichwa kilimuuma. Hakuamka tena. Ubongo ulikuwa umevimba. Umri wake miaka 32. Mwili ule wa chuma! Na Enter the Dragon, picha iliyolipeleka jina lake dunia nzima, ilitoka yeye akiwa amekwisha kufa. Sifa zimefika, mwenyewe hayupo.

Je, wenye picha walisema basi? Thubutu! Walichukua vipande vichache alivyokuwa ameacha, wakatunga hadithi mpya, wakatafuta watu wengine wa kuigiza badala yake. Wakawavalisha miwani myeusi na ndevu za bandia ili usiwatambue. Mahali pamoja wakabandika kwenye kioo sura yake iliyokatwa kwenye karatasi! Kazi hiyo ya kuunga-unga ikatoka mwaka 1978.

Na hadithi yenyewe ni nini? Ni ya mwigizaji maarufu wa ngumi anayeitwa Billy Lo. Majambazi wanataka kummiliki, yeye na kazi yake. Anakataa. Wanampiga risasi ya kweli akiwa kazini, katikati ya maigizo. Anaponea chupuchupu, anajifanya amekufa, na mazishi yanafanyika. Sasa sikia jambo hili: yale mazishi unayoyaona si maigizo. Ni picha za mazishi ya kweli ya Bruce Lee! Walizichukua wakazitia ndani ya sinema, na watu wakalipa kiingilio wakatazama.

Ndugu yangu, umaarufu ulimfuata mpaka ndani ya jeneza, na jeneza nalo likauzwa.

HAIKUISHIA HAPO

Alikuwa na mtoto wa kiume, Brandon Lee, naye mwigizaji. Tarehe 31 Machi 1993, huko Marekani, alikuwa akiigiza picha ya The Crow. Bastola iliyotakiwa kutoa mlio tu ilikuwa na kipande cha risasi kilichobaki ndani ya mtutu. Ikamwingia tumboni. Akafa siku ile ile, miaka 28. Yale yaliyotungwa kwenye picha ya baba, kwa mtoto yakawa kweli! Na picha yake nayo ikamaliziwa kwa kutumia mtu mwingine, ikatoka mwaka 1994. Baba na mwana wamelala Seattle, kaburi kando ya kaburi.

Usiseme hayo ni ya huko mbali. Steven Kanumba wetu alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012. Naye alikuwa na miaka 28. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Pasaka. Nchi nzima ililia, umati ukafurika kumuaga. Kisha watu wakarudi majumbani, na picha mpya zikaendelea kutoka.

Simhukumu hata mmoja wao. Mungu ndiye ajuaye mioyo. Wala sikwambii kwamba mazoezi ni dhambi. Nakwambia hivi: DUNIA INATAKA SURA YAKO, WEWE MWENYEWE HAIKUTAKI. Ikipata mtu mwingine wa kuvaa nguo zako, imemalizana na wewe. Bwana Yesu aliuliza, itamfaa nini mtu aupate ulimwengu wote, halafu aipoteze nafsi yake? (Marko 8:36)

UKUNGU WA MTAE

Wewe wa Mtae huhitaji kuhadithiwa. Barabara inaishia hapa, na mbele yako ni genge. Kuna asubuhi ukungu unajaa kule chini, juu ya uwanda wa Mkomazi, mweupe kama pamba, umetandazwa mpaka upeo wa macho. Mgeni anaweza kudhani unakanyagika. Mtoto wa hapa anajua: ukiweka mguu, umekwenda! Na jua likipanda kidogo, wote umeyeyuka.

Yakobo 4:14 yasema maisha yetu ni kama mvuke, unaonekana kitambo, kisha hauonekani tena. Basi wewe, kaka unayetaka kushuka Mombo ukapande basi la Dar es Salaam kutafuta jina, na wewe dada unayeambiwa una sura ya kuuza, umeweka mguu wako wapi? Juu ya mwamba au juu ya ukungu?

YUPO ALIYESIMAMA MAHALI PAKO

Kwenye picha, pigo likiwa la hatari stelingi huwekwa pembeni. Mtu asiyejulikana anavaa nguo zake, anapigwa yeye, halafu sifa anapewa stelingi.

YESU alisimama mahali pako hivyo hivyo, ila mapigo yake hayakuwa maigizo. Mijeledi ilikuwa ya kweli, misumari ya kweli, damu ya kweli. Alichubuliwa kwa ajili ya maovu yetu (Isaya 53:5). Alikufa kweli kweli, akazikwa, na siku ya tatu AKAFUFUKA! Huyo hafi tena milele. Naye hatafuti sura yako. Anakujua kwa jina hata kama hakuna mtu anayekujua kupita Mlalo. Anakutaka WEWE.

Usingoje kesho. Bruce Lee alikuwa na mipango ya kesho. Hapo ulipo, shambani au kituoni, sema naye kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimefuata ukungu. Naamini ulikufa mahali pangu na ukafufuka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, andika jina langu katika kitabu cha uzima. Tangu leo mimi ni wako. Amina."

Kama umesali hivyo kwa kumaanisha, UMEOKOKA! Usikae peke yako. Njoo mkutanoni jioni, uje mbele tuombe pamoja. Soma Injili ya Yohana, na utafute kanisa la watu waliookoka karibu na kwako. Ukimaliza karatasi hii mpe rafiki yako, yule mnayekaa naye benchi moja bandani.

Bwana Yesu asifiwe!