Mkasi Ule Ule

Kanisa hufundisha kwamba pasipo hiari ndoa haipo. Jibu lililotolewa kwa hofu halifungi ndoa, hata kama pete zimekwisha kuvishwa. Kwa kipimo hicho twataka kuyatazama yaliyotendeka kati ya Wajerumani na Wapolandi tangu Polandi iliposhambuliwa Septemba 1939.

Tarehe 8 Machi 1940 serikali ya Hitler ilitoa amri juu ya Wapolandi waliopelekwa Ujerumani kufanya kazi mashambani na viwandani. Kila mmoja alipaswa kushona kifuani kitambaa cha manjano chenye herufi P ya zambarau. Hata Misa hawakuruhusiwa kusali pamoja na Wajerumani. Mwanamume Mpolandi aliyelala na mwanamke wa Kijerumani alitishwa kwa kifo, na wengi walinyongwa kweli. Wenzake wakapitishwa mbele ya maiti ili waone. Mwanamke naye, hasa miaka ile ya mwanzo, alinyolewa nywele hadharani, akatembezwa mitaani na kibao shingoni, kisha akafungwa. Wengine walifikishwa hadi kambi ya Ravensbrück. Baadaye ikaongezwa desturi ya ajabu: yule mwanamume alichunguzwa umbo, macho na nywele, na akionekana afaa kugeuzwa Mjerumani, aliweza kuponyoka kitanzi. Fikirini, kosa la mtu kupimwa kwa rangi ya macho yake!

Je, bwana alipokuwa Mjerumani na mtumishi ni binti wa Kipolandi? Hilo nalo lilikatazwa, lakini huyo bwana hakuogopa kitanzi. Na huko Polandi kwenyewe, jeshi lililowakataza askari wake kuzoeana na wenyeji ndilo lililofungua madanguro kwa ajili yao, na wanawake wengine wakaingizwa humo kwa nguvu.

Hatukatai kwamba walikuwako waliopendana kwa kweli. Lakini mmoja akiwa ameshika bunduki, mkate na kibali cha kupita njiani, na mwenziwe ana njaa na mdogo wake yu kifungoni, nani atathubutu kusema kwa wepesi, "Alikubali mwenyewe"?

Walakini walisema. Wapiganaji wa siri wa Polandi waliwanyoa nywele wanawake walioonekana na Wajerumani. Twaelewa uchungu wa nchi iliyokanyagwa. Ila mkasi ulikuwa ule ule, na haukuuliza kama huyu alikwenda kwa mapenzi, kwa njaa, au kwa kuburutwa. Hata wale waliomleta mwanamke mzinzi mbele ya Bwana wetu walikuja naye peke yake, mwanamume hakuletwa.

Wengi wa wanawake hao, wa pande zote mbili, walikaa kimya mpaka kaburini. Wako watoto wao walio hai hata leo, wazee sasa, ambao wangali wanatafuta jina la baba katika makaratasi ya zamani.