Kisima cha Harambee

Kuuza programu huria si dhambi. Leseni zenyewe zinaruhusu. Fundi wa Luthuli akikutoza pesa kuweka mfumo mpya kwenye simu yako kuukuu, anauza muda na ujuzi wake. Hapo sina noma naye.

CyanogenMod ni stori nyingine. Steve Kondik aliianzisha 2009, na watu wengi wakaijenga bure, usiku baada ya kazi, ili simu zilizosahauliwa na watengenezaji ziendelee kupata Android mpya. Mwaka 2013 ikatangazwa kampuni, Cyanogen Inc., na dola milioni 7 za wawekezaji. Guillaume Lesniak, aliyeandika programu ya kamera iitwayo Focal, akaombwa alegeze leseni, kampuni iweze kuitumia bila kuanika msimbo wake. Alikataa, akaiondoa.

Utasema, si alijitolea mwenyewe? Alijitolea, lakini kwa masharti. Watu wakichanga harambee ya kisima, halafu mwenyekiti akitaka kuweka kufuli na mita, hawezi kujitetea eti hakuna aliyelazimishwa kuchanga. Hata kama maji bado ni matamu.

Mwishoni mwa 2016 kampuni ilifunga huduma zake. Jina lilikuwa mali yake, msimbo haukuwa. Waliojitolea waliubeba wakaendelea nao, wakauita LineageOS.